Mkaa, gesi, umeme na jembe: nini kinaigharimu zaidi misitu ya Tanzania?

Mjadala wa misitu ukianza Tanzania, mkaa ndio hukamatwa wa kwanza. Unaonekana. Magunia yamepangwa kando ya barabara ya Morogoro, pikipiki imebeba mzigo hadi dereva amefichika, na karibu kila mtaa wa Dar es Salaam una muuzaji mwenye vumbi jeusi mlangoni. Shamba la mahindi halina sura hiyo. Abiria wa basi analipita, anaona kijani, anaridhika, ingawa miaka minne nyuma hapo palisimama miombo.

Naona hukumu hiyo imepinda, na inatufanya tuchague vibaya jikoni na kwenye mikutano ya vijiji. Kwa takwimu za Serikali, kati ya 2002 na 2013 nchi ilipoteza wastani wa hekta 469,420 za misitu kila mwaka, katika nchi yenye misitu ya takriban hekta milioni 48. Wakati huohuo watu wanaongezeka: sensa ya 2012 ilihesabu milioni 44.9, ile ya 2022 milioni 61.7. Kila mmoja wao anakula, na chakula chake kinalimwa mahali na kupikwa kwa kitu. Kulinganisha mkaa na gesi tu, tukaliacha jembe nje, ni kulinganisha nusu ya jambo.

Kwa hiyo hapa nitapima pande mbili. Kwanza nishati ya kupikia kwa mtu wa mjini, kisha matumizi ya ardhi kwa mkulima. Pesa na moshi nitavitaja, lakini swali nitakalolibeba kote ni hili: baada ya kuchukua tulichochukua, ardhi iliyokitoa inabaki kuwa nini?

Mkaa

Tuanze na ubaya wake, kwa kuwa ni mkubwa. Kwenye tanuri la kawaida la udongo, kilo moja ya mkaa hutokana na kilo 5 hadi 10 za miti. Joto lililobaki ndani ya mkaa huo nalo hupotea jikoni: jiko la bati la kawaida huingiza sufuriani karibu moja ya tano tu ya joto lote. Jiko banifu lenye udongo ndani huongeza kiasi hicho, pengine kwa nusu tena, na ndiyo maana ni hatua nzuri kwa asiyeweza kuacha mkaa leo. Tanuri likipangwa vizuri, miti ikakaushwa kwanza na hewa ikadhibitiwa, mavuno ya mkaa huongezeka pia.

Upande wa afya hauna utetezi. Serikali hutaja vifo vipatavyo 33,000 kwa mwaka vinavyohusishwa na moshi na hewa chafu ya jikoni, kuni na mkaa vikiwa pamoja. Mkaa una moshi mdogo kuliko kuni, lakini hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu. Kuweka jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa ili kupasha joto usiku wa baridi, Njombe au Arusha, kumeua familia nzima zikiwa usingizini. Hili lisisubiri mjadala wowote wa mazingira.

Sasa ardhi. Mti wa miombo ukikatwa kwa mkaa, kisiki hakifi. Mizizi iko hai, na mvua zikinyesha machipukizi hutoka. Eneo likiachwa bila moto wa kila mwaka, bila mifugo mingi na bila jembe, msitu hurudi. Kilosa, mkoani Morogoro, hilo limefanyiwa kazi tangu 2012 na vijiji vikishirikiana na Shirika la Kuhifadhi Misitu ya Asili Tanzania pamoja na MJUMITA, mtandao wa jamii unaosimamia misitu. Kijiji hutenga sehemu ya msitu wake kwa mkaa, huigawa vitalu vya mita 50 kwa 50, na huvikata kwa kurukaruka kama miraba ya drafti, ili kila kilichokatwa kizungukwe na kilichosimama. Kitalu kilichovunwa hupumzishwa miaka 24. Kandokando ya mito hakuguswi. Ushuru unaingia kwenye mfuko wa kijiji, na vijiji kadhaa vimejenga madarasa na kuboresha huduma za afya kwa fedha hiyo.

Mkaa wa namna hiyo ni mdogo sana sokoni. Ulio mwingi unatoka popote gari linapoweza kufika, na mara nyingi mchomaji anatangulia tu: anasafisha eneo, anauza mkaa, na kwa fedha hiyo ananunua mbegu za kupanda palepale. Hapo ndipo mkaa na jembe vinaposhikana mikono. Anayeona tanuri hulaumu tanuri, lakini kilichoamua kwamba msitu usirudi ni mahindi yaliyofuata.

Gesi ya mitungi

Kwa joto linaloingia sufuriani, kilo moja ya gesi inakaribia kilo nne za mkaa kwenye jiko la kawaida. Tuendelee na hesabu: mtungi wa kilo 15 unafanya kazi ya kilo 60 hivi za mkaa, na kilo 60 za mkaa zimekula kati ya kilo 300 na 600 za miti. Mtungi mmoja. Hata ukikumbuka kwamba gesi ni mafuta ya ardhini, na kwamba mtungi huo ukiisha utakuwa umetoa kilo 45 hivi za kaboni dioksaidi, bado mkaa kutoka msitu usiorudi ni mbaya zaidi, tena mara kadhaa. Tanuri lenyewe hutoa methani na moshi ambao hakuna mti utakaoufyonza wote.

Watu wengi wanaamini gesi ya mtungi ni ile ya Mtwara. Siyo. Gesi ya Songo Songo, iliyoanza kuzalisha umeme 2004, na ile ya Mnazi Bay iliyounganishwa na Dar es Salaam kwa bomba mwaka 2015, ni gesi asilia. Husafiri kwa bomba, huendesha mitambo ya umeme na viwanda, na nyumba chache mjini zimeunganishwa nayo. Ya mtungi huagizwa kwa meli. Bei yake hufuata soko la dunia na thamani ya dola, na mpishi wa Mbagala hulipia vita asivyovijua viko wapi.

Kenya imetuonyesha jinsi bei inavyoamua. Julai 2021 gesi ya kupikia ilianza kutozwa tena kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka uliofuata ikashushwa hadi 8, na 2023 ikaondolewa. Kodi ikipanda namna hiyo, familia ya kipato kidogo haiandamani. Mtungi unawekwa kando na jiko la makaa linarudi.

Tatizo la gesi kwa maskini liko kwenye namna ya kulipa zaidi kuliko kwenye bei yenyewe. Mkaa unauzwa kwa kopo. Mwenye shilingi elfu moja mkononi jioni atapika. Gesi inataka makumi ya maelfu kwa mkupuo. Serikali kupitia Wakala wa Nishati Vijijini imekuwa ikisambaza mitungi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku, na ni kazi njema, lakini ruzuku iko kwenye mtungi, na kujaza mara ya pili ni juu ya mnunuzi. Mtungi mtupu uvunguni haujaokoa mti. Ningependa kuona nguvu ileile ikielekezwa kwenye mita za kulipia gesi kidogo kidogo, ambazo tayari zipo kwenye baadhi ya mitaa ya miji mikubwa.

Umeme

Hapa ndipo watu hukosea zaidi, kwa sababu husema "umeme" kana kwamba ni jiko moja. Kuna jiko la koili, na kuna sufuria la presha la umeme. Vinatofautiana sana.

Jiko la koili la wati 1,500 likiwaka saa mbili kwa siku linakula uniti 3, yaani 90 kwa mwezi. Kwa mteja wa kawaida wa TANESCO, ambaye uniti yake pamoja na kodi na tozo inakaribia shilingi 360, hiyo ni zaidi ya shilingi 32,000. Balaa zaidi ni kwa aliyepo kwenye kundi la matumizi madogo. Yeye hulipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asizidi uniti 75 kwa mwezi. Koili peke yake inamtoa kwenye kundi hilo, na taa na redio navyo vinapanda bei. Ndiyo maana watu wanasema umeme ni ghali, nao wanasema kweli kwa jiko hilo.

Sufuria la presha lina habari nyingine. Limefunikwa, joto halitoki, na linajizima lenyewe. Maharage yanayochukua saa mbili au tatu juu ya mkaa huiva humo kwa nusu uniti hivi, mara nyingi pungufu. Hiyo ni chini ya shilingi 200. Makande, utumbo, kongoro, maharage, ndivyo vyakula vinavyomaliza mkaa, na ndivyo hasa sufuria hili linavyovimudu. Familia inayolitumia kila siku kwa chakula cha kuchemsha inaweza kubaki ndani ya uniti 75 ikiwa haina friji kubwa. Ugali halipiki vizuri, kwa sababu kusonga kunataka jiko lililo wazi, na chapati ndiyo kabisa. Bei ya kulinunua ni mara kadhaa ya bei ya jiko la mkaa.

Na ardhi? Umeme hauna kisiki, lakini una mto. Bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Kabla ya hapo zaidi ya nusu ya umeme wetu ulitokana na gesi asilia. Bwawa limegeuza hesabu hiyo, na nchi iliyozoea mgao imepumua. Gharama yake kwa mazingira isifichwe: limejengwa ndani ya Selous, eneo lililo kwenye Urithi wa Dunia tangu 1982, na tope lililokuwa likiteremka kulisha delta ya Rufiji na mikoko yake sasa linakamatwa nyuma ya ukuta. Tuliwahi kujifunza huko Kihansi. Bwawa la huko lilipopunguza mvuke wa maporomoko, chura mdogo aliyekuwa haishi popote pengine duniani alitoweka porini, akatangazwa hivyo 2009, na ilibidi arudishwe 2012 kutoka kwenye mabanda ya kufugia Marekani.

Maji ya Rufiji hutoka Kilombero, Luwegu na Ruaha Mkuu. Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, ulianza kukauka kila kiangazi ndani ya hifadhi ya Ruaha tangu 1993, sababu kubwa ikiwa mifereji ya mpunga huko Usangu. Umeme unaopika maharage ya Dar es Salaam unatoka kwenye mabonde yaleyale yanayolima mpunga unaoliwa na maharage hayo. Unaweza kuukimbia mkaa kwa kununua sufuria la presha, lakini jembe utalikuta mbele yako.

Kuhusu mkaa mbadala nitasema kwa ufupi. Ule wa vifuu vya nazi, pumba na vumbi la mkaa ni mzuri, hauna mti mpya ndani yake, ila upatikanaji wake haujatulia. Ule unaotokana na makaa ya mawe unaokoa msitu, lakini unaongeza hewani kaboni iliyokuwa chini ya ardhi. Kwa kambi au gereza linalotumia malori ya kuni ninaukubali kama daraja. Kwa nyumba ya kawaida nisingeuanza.

Jembe

Wastani wa mavuno ya mahindi Tanzania umezunguka tani moja na nusu kwa hekta kwa miaka mingi. Mkulima anayejitahidi Nyanda za Juu Kusini, mwenye mbegu bora, mbolea na palizi ya wakati, huvuna tani nne au zaidi. Tofauti hiyo ndiyo msitu. Kijiji kinachohitaji tani 600 za mahindi kitalima hekta 400 kwa njia ya kwanza, na 150 kwa njia ya pili. Hekta 250 zinazobaki kati yao ndizo zinazogombewa na kila semina ya mazingira, mara nyingi bila kutajwa.

Tulinganishe basi njia tatu alizonazo mkulima wa Kilosa, Kilwa au Liwale.

Njia ya kwanza ni kufungua shamba jipya. Haina gharama ya fedha. Panga, moto, na majivu yanayorutubisha udongo kwa misimu miwili. Kuanzia mwaka wa tatu mavuno hushuka na magugu hushinda palizi, basi anahama. Zamani mzee aliliacha pori lipumzike hadi wajukuu wakue, na mbinu hiyo ilikuwa na akili yake. Siku hizi anaporudi baada ya miaka mitano anakuta mwingine ameshalima. Ufuta umeongeza kasi hiyo mkoani Lindi. Ni zao la fedha, hupenda ardhi mpya, na minada ya stakabadhi ghalani imeupa bei ya kueleweka. Mkulima hafanyi kosa kufuata bei. Ila kati ya njia zote ninazozitaja hapa, hii ndiyo inayong'oa kisiki, na kisiki kikishang'olewa hakuna miaka 24 ya kusubiri.

Njia ya pili ni kuzidisha mavuno palepale kwa mbolea ya kiwandani. Mwaka 2006 viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja kufikisha kilo 50 za virutubisho kwa hekta. Wastani wetu bado uko chini sana ya hapo, ingawa ruzuku iliyoanza msimu wa 2022/23 imesaidia. Wapo wanaohofia mbolea, na hofu hiyo ina msingi: naitrojeni inayozidi hugeuka naitrasi oksaidi, gesi inayopasha dunia joto mara 273 kuliko kaboni dioksaidi kwa uzito uleule, na inayosombwa na mvua huishia ziwani kulisha magugu maji. Lakini tusichukue hofu ya shamba la Uholanzi tukaipandikiza Namtumbo. Mkulima anayetumia mfuko mmoja mahali panapotaka minne hachafui kwa mbolea. Anachafua kwa kukosa mbolea, kwa sababu atakata ekari nyingine.

Njia ya tatu ni kurudisha rutuba kwa vilivyopo: samadi, mbaazi au kunde kati ya mahindi, matandazo, makinga maji kwenye miteremko, ngoro (mashimo ya kulimia kwenye mteremko) kama za Wamatengo kule Mbinga. Ina kazi nyingi na matokeo yake huchukua misimu. Soko nalo linaweza kuivunja. Agosti 2017 India ilipowekea mbaazi ukomo wa kuagiza, bei ilianguka Lindi, Mtwara na Manyara, na wengi wakaacha zao ambalo lilikuwa likilisha udongo wao bure.

Ningechagua ya pili na ya tatu kwa pamoja, mbolea kidogo juu ya udongo wenye samadi, maana mbolea peke yake kwenye udongo uliochoka haifanyi kazi yake. Lakini nina tahadhari moja nzito. Mavuno mazuri hayaokoi msitu yenyewe kwa yenyewe. Mkulima aliyepata faida kwenye ekari tatu ana sababu, na sasa ana fedha, ya kufungua ekari sita. Ndiyo maana mbolea bila mpaka ni hatari, na mpaka bila mbolea ni njaa. Viende pamoja, la sivyo tunapanua moto kwa jina la maendeleo.

Ushahidi kwamba mpaka wa kukubaliana unawezekana uko Shinyanga. Mkoa ule ulifyekwa kwa miongo mingi, kwanza kuua mbung'o, kisha kupanda pamba, huku ng'ombe wakiongezeka. Mwaka 1986 ulianza mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, na kilichofanya kazi ni ngitili, desturi ya Wasukuma ya kufunga malisho kwa ajili ya kiangazi. Kaya na vijiji vilifunga maeneo yao kwa sheria zao wenyewe. Zaidi ya hekta 300,000 zilirudi kuwa na miti, nyingi bila kupandwa, kwa visiki na mbegu zilizokuwa bado ardhini.

Kipato kikipanda

Kuna hoja inayopendwa na wanaosubiri: nchi ikue kwanza, mazingira yatajisafisha watu wakitajirika. Mwaka 1991 wachumi Gene Grossman na Alan Krueger walionyesha kwamba baadhi ya uchafu wa hewa ya mijini huongezeka kipato kinapoanza kupanda, kisha hupungua. Ni kweli kwa moshi wa viwanda, unaozuilika kwa chujio. Msitu hauna chujio.

Kwetu ukuaji umefanya kinyume cha hoja hiyo katika hatua zake za mwanzo. Uchumi ulikua kwa asilimia 6 hadi 7 kwa mwaka kwa muda mrefu, na Julai 2020 Benki ya Dunia ikatuweka kwenye kipato cha kati cha chini. Katika miaka hiyo mtu aliyetoka kijijini kuja Dar es Salaam aliacha kuni, ambazo mara nyingi ni matawi makavu yaliyookotwa, akashika mkaa, ambao ni mti mzima. Kwake ni kupanda ngazi. Kwa msitu ni hasara. Mwaka 2009 Benki ya Dunia ilikadiria nchi inatumia tani milioni moja hivi za mkaa kwa mwaka, karibu nusu yake ikiishia Dar es Salaam. Jiji limeendelea kukua, na sensa ya 2022 ililikuta na watu milioni 5.4.

Mauzo ya nje nayo yana jiko lake. Tumbaku ya Tabora na Urambo hukaushwa kwenye mabani, yaani vibanda vya kukaushia, kwa moto wa kuni, kwa hiyo zao moja linakula msitu mara mbili: linapopandwa na linapokaushwa. Miti inayopandwa na vyama vya msingi vya wakulima kufidia inasaidia pale tu inapofikia umri wa kukatwa.

Ukuaji wenyewe siupingi. Bila fedha hakuna mfuko wa mbolea wala sufuria la presha. Ninachokataa ni kusubiri kwamba shilingi itaamua yenyewe.

Uchague nini, kulingana na ulipo

Mpangaji wa chumba kimoja mjini mwenye umeme: anza na sufuria la presha kabla ya mtungi, ukiweza kulipia kidogo kidogo, kwa sababu linakata pale mkaa unapokwenda mwingi. Ugali na chai vibaki kwenye mkaa wa jiko banifu au mtungi mdogo. Usinunue koili. Angalia pia kama mwenye nyumba anagawa umeme wa mita moja kwa wapangaji wote, maana hapo hutakuwa kundi la matumizi madogo na hesabu zako zifuate bei ya juu.

Familia ya kipato cha wastani: mtungi wa kilo 15 na sufuria la presha. Mkaa ubaki wa nyama choma. Wengi wana gesi na bado wananunua gunia kwa ajili ya maharage, na sufuria hilo ndilo linaloziba pengo.

Mama lishe anahitaji moto mkubwa wa haraka, na umeme kibandani mara nyingi haupo. Gesi ni jibu lake, na kwa kuwa anauza kila siku, fedha ya kujaza inazunguka. Atunze mpira na kidhibiti, na mtungi usikae jirani na moto.

Shule au taasisi inayolisha watu zaidi ya 100 haina tena hiari: Serikali ilielekeza taasisi hizo kuanza kuacha kuni na mkaa kuanzia Januari 2024, na Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa Mei mwaka huo unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034. Shule ya bweni yenye ng'ombe ifikirie biogesi kabla ya mitungi. Vyoo na zizi vinatoa nishati, na tope linalobaki ni mbolea ya bustani.

Kijiji chenye msitu ndicho chenye uamuzi mkubwa kuliko wote hawa. Jikoni elfu moja za Kinondoni zikibadilika, zinapunguza mahitaji. Kijiji kimoja cha Liwale kikiamua, maelfu ya hekta yanabaki au yanaondoka. Sheria ya Misitu ya 2002 inaruhusu kijiji kutangaza msitu wake wa hifadhi na kubaki na mapato, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaupa mkutano mkuu wa kijiji nguvu ya kupitisha mgawanyo wa ardhi. Kilosa wameonyesha kwamba mkaa uliopangiwa vitalu unaweza kuupa msitu thamani ya kushindana na ufuta, na hilo ndilo linalonifanya nipinge marufuku ya jumla ya mkaa. Mwaka 2006 nchi ilijaribu kuupiga marufuku, na haikudumu. Msitu ambao kijiji hakiruhusiwi kuuza chochote ndani yake, mwanakijiji ataugeuza shamba.

Mpango huo upitishwe kiangazi, kabla ya Septemba na Oktoba, miezi ya kufyeka na kuchoma. Mipaka iwekewe alama mtini na kwenye ramani ya ofisi ya kijiji, na majina ya waliokubaliwa mashamba yasomwe mkutanoni. Oda ya mbolea ya ruzuku iende wiki hiyohiyo, ili anayeambiwa asivuke mpaka awe tayari na kitu cha kuweka kwenye ekari aliyonayo.